Msitu wa Kilimanjaro Unalindwa Zizini na Jikoni

Muulize mtu yeyote Moshi mjini maji ya mto Karanga au Weruweru yanatoka wapi, na mara nyingi atakuonyesha Kibo: barafu inayeyuka, maji yanashuka. Maelezo hayo yamekaa vichwani kwa miaka mingi, nayo yanapotosha. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika takriban kilomita za mraba 12. Leo haifiki 2. Na hata enzi zake, sehemu kubwa iligeuka mvuke kwenye hewa kavu ya kilele bila kuwa maji. Kule juu kabisa, mvua na theluji ya mwaka mzima ni karibu milimita 200 tu. Shuka upande wa kusini hadi mita 2,200 hivi, juu ya vijiji vya Machame, Kibosho na Uru, utakuta mvua inayokaribia milimita 3,000. Ukanda huo wa msitu ndio tangi la maji la mkoa, na chemchemi zinazotoka chini yake ndizo zinazojaza mito, mifongo (mifereji ya kienyeji) na mabomba ya mjini.

Juu zaidi ya hapo msitu unafanya kazi nyingine isiyoonekana. Ukungu unapopita, majani, magome na zile ndevu za kijani zinazoning'inia matawini huunasa na kuudondosha chini tone kwa tone, hata siku isiyo na mvua. Miti ya Erika kwenye ukingo wa juu wa msitu ndiyo hodari wa kazi hiyo, na ndiyo inayoungua kwanza. Moto wa Oktoba 2020, ulioanzia Whona kati ya vituo vya wapandaji vya Mandara na Horombo, na ule wa Oktoba 2022 karibu na kambi ya Karanga, uliandikwa magazetini kama habari ya utalii. Kwa mkulima wa Kahe, aliye chini kabisa tambarare, ilikuwa habari ya maji.

Ukishaelewa hilo, swali la "jamii ihifadhije mlima" linabadilika. Mwanakijiji hana la kufanya kuhusu barafu. Kuhusu msitu analo, ila si kwa njia inayohubiriwa kwenye semina nyingi. Hapo ndipo mkanganyiko mkubwa unapoanza, na chanzo chake ni mipaka.

Mlima mmoja, sheria nyingi

Msitu wa Kilimanjaro ulitengwa tangu enzi za Wajerumani, na Waingereza wakautangaza rasmi kuwa hifadhi ya msitu mwaka 1921. Watu walipozidi kubanwa, mwaka 1941 ukatengwa ukanda wa nusu maili, kama mita 800, kwenye ukingo wa chini wa msitu, ili Wachagga wapate kuni, majani ya mifugo na mbao bila kuingia ndani. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa 1973 na kufunguliwa kwa wageni 1977, lakini wakati huo ilianzia juu ya msitu. UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1987. Kisha, mwaka 2005, mpaka wa hifadhi ukashushwa hadi ukameza msitu wote, nusu maili ikiwemo.

Mabadiliko hayo ya 2005 ndiyo ufunguo wa mambo mengi yanayogombaniwa leo. Bibi wa miaka 70 wa Kibosho bado anasema "naenda nusu maili", na kwake hilo ni eneo la kijiji. Kwa askari wa KINAPA, yaani Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, ni ndani ya hifadhi, ambako kukata, kuchunga au kuchukua chochote bila ruhusa ni kosa. Wote wawili hawadanganyi. Kila mmoja anasoma ramani ya wakati wake.

Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu usimamizi shirikishi: kijiji kinaweza kumiliki msitu wake, au kusimamia msitu wa serikali kwa mkataba, kikatoa vibali na kutoza faini. Mfano unaotajwa kila mahali ni Duru-Haitemba, Babati, ambako vijiji vilikabidhiwa misitu yao miaka ya 1990 na doria zikafanywa na wanakijiji wenyewe. Mfano mzuri, ila hauhamishiki Kibosho. Hifadhi za taifa ziko chini ya Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282, ambayo haina mlango huo. Ndani ya mpaka, jamii ni jirani, haina mamlaka ya usimamizi, na inachopata ni miradi ya ujirani mwema: darasa, zahanati, miche. Mwezeshaji anayekuja na mada ya "msitu ni wenu, usimamieni" huku amesimama mita 50 kutoka bikoni (alama ya mpaka) ya hifadhi anawaandalia watu kesi.

Upande mwingine wa mlima mambo ni tofauti tena. Kaskazini magharibi, wilayani Longido, kuna Enduimet, eneo la hifadhi ya wanyamapori la jumuiya, ambako vijiji vimetenga ardhi yao wenyewe na kupata mapato ya utalii, na ambako tembo hupita Kitendeni wakielekea Amboseli. West Kilimanjaro na Rongai kuna mashamba ya miti ya serikali chini ya TFS, wakala wa huduma za misitu, ambako wakulima hupewa vipande vya kulima katikati ya miche mpaka miti ifunge kivuli. Kwa hiyo kabla ya mradi wowote, jambo la kwanza ni kujua ardhi mliyosimama ni ya nani na inaongozwa na sheria ipi. Ofisi ya ardhi ya wilaya na ofisi ya ujirani mwema ya hifadhi zitakuambia. Usitegemee kumbukumbu za wazee peke yake, wala ramani ya simu.

Kwa vijiji vya kusini, Machame hadi Marangu, jibu lake ni hili: eneo ambalo jamii inaliongoza kwa haki kamili ni lile lililo chini ya bikoni. Yaani kihamba (shamba la ukoo linalozunguka nyumba), mfongo na kingo za mto. Linasikika dogo. Lakini kila kinachotolewa msituni kinatolewa kwa sababu kimekosekana hapo.

Ng'ombe anakula kiasi gani

Tuanze na hesabu isiyopendwa. Ng'ombe wa maziwa wa kilo 400 anahitaji kilo 50 hadi 60 za majani mabichi kwa siku. Ng'ombe wawili, zaidi ya kilo 100, ambazo ni mizigo mitatu hadi minne ya kichwani kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Vihamba vingi havizidi ekari moja na nusu, na kila kizazi kinaporithi vinakatwa tena. Humo kuna migomba, kahawa, magimbi, nyumba na makaburi ya ukoo. Majani ya kutosha hayawezi kutoka humo peke yake. Masika hakuna shida. Agosti hadi Oktoba, wakati wa kiangazi, ndipo mama anaangalia juu, msituni.

Suluhisho si moja. Majani ya Guatemala na mabingobingo hupandwa kwenye matuta ya kukinga mmomonyoko, kwenye mistari ya usawa wa mlima, si kwenye kipande maalumu ambacho hakipo. Mabingobingo hukatwa yakifika urefu wa mita moja hivi. Yakiachwa yanakuwa mashina, na ng'ombe anachagua majani na kuacha nusu. Uzio wa kihamba ugeuzwe kaliandra: vichaka 500 vinatosha kumpa ng'ombe mmoja kilo 6 za majani mabichi kwa siku, na kilo 3 za majani hayo hufanya kazi ya kilo moja ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa. Mia tano ni nyingi kusikia, ila zikipandwa kila nusu mita, ni mita 250 za uzio, ambazo kihamba cha ekari moja kinazo kuzunguka pande zote nne. Kosa la kawaida ni kuanza kukata mapema. Subiri miezi tisa hadi kumi na miwili, kisha kata ukiacha shina la mita moja. Na masale yanayoonyesha mpaka msiyang'oe. Kaliandra ipandwe ndani yake. Ugomvi wa mpaka umeua miradi mingi kuliko ukame.

Mabua ya mahindi kutoka tambarare ndiyo akiba ya kiangazi. Yakatwekatwe vipande vifupi na kunyunyiziwa molasi, la sivyo theluthi nzuri inakanyagwa zizini.

Kuni, mbege na samadi

Kuni nyingi za mlimani hutoka kihambani, si msituni: matawi ya mgrivea, mfuruanje na mringaringa yanapopunguzwa kivuli cha kahawa. Kaya yenye miti 40 au 50 iliyokomaa na inayopogolewa kwa zamu inaweza kupika bila kuvuka bikoni. Tatizo lilikuja bei ya kahawa iliposhuka. Watu waling'oa mibuni wakapanda mahindi na nyanya, vinavyotaka jua, na miti ikauzwa mbao. Kuni zikaondoka pamoja na kivuli. Ndiyo maana miche ya kahawa inayohimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, inayotoka TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungo, ni kazi ya uhifadhi hata kama hakuna anayeiita hivyo: kahawa inayolipa inaweka miti shambani.

Kinachokula kuni kuliko chakula ni mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi mpaka ziwe nyekundu, na uji wa ulezi huchemshwa pia. Mtengenezaji wa mbege anayeuza mara mbili kwa wiki anatumia kuni za kaya kadhaa. Mradi wa majiko banifu unaogawa majiko madogo ya sufuria moja kwa kila nyumba na kumsahau huyu, umeanza mahali pasipofaa. Yeye anahitaji jiko la pipa lililojengwa kwa matofali, lenye chanja ya kuinua kuni ili hewa ipite chini na bomba la moshi. Sufuria lake likikaa jikoni vizuri, pengo la pembeni lisizidi upana wa kidole, moto unapiga kuta za sufuria badala ya kutoka nje. Na magome ya msesewe anayotumia kutia uchungu yachunwe upande mmoja tu wa shina, kwa vipande. Mti ukizungushwa gome lote unakufa umesimama.

Biogesi inafaa sana mlimani kwa sababu ng'ombe wako bandani na samadi iko mkononi. Kilo moja ya samadi mbichi hutoa takriban lita 40 za gesi. Ng'ombe wawili wakitoa kilo 30 kwa siku, zikichanganywa na maji kiasi hicho hicho, unapata kama lita 1,200, zinazotosha jiko moja kuwaka saa tatu hivi. Si saa kumi. Anayeahidiwa kuwa atasahau kuni kabisa atakata tamaa mwezi wa pili. Mitambo mingi iliyokufa imekufa kwa sababu zinazojulikana: ng'ombe aliuzwa kulipa ada, maji yalikuwa mbali, tope likawekwa zito mno, maji ya sabuni yaliingizwa na kuua vijidudu, au mvuke uliganda ndani ya bomba na kuziba njia, kwa sababu hakuna aliyefundishwa kufungua koki ya kutolea maji. Ukipanda juu zaidi, baridi inapunguza gesi, hasa Juni na Julai.

Mfongo

Mifongo, mifereji ya kienyeji inayochukua maji juu kwenye makorongo na kuyapeleka vihambani kwa nguvu ya mteremko, ina umri wa karne kadhaa, na uongozi wake ulikuwepo kabla ya sheria yoyote ya maji: mzee wa mfongo, zamu, siku ya kusafisha, faini kwa asiyekuja. Leo juu yake kuna Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009. Mfongo unahitaji kibali kutoka Bodi ya Maji Bonde la Pangani, na watumiaji wanapaswa kuwa na jumuiya iliyosajiliwa. Kinachofanya kazi ni kumsajili mzee wa mfongo na watu wake kama walivyo. Kinachoshindwa ni kuunda kamati mpya pembeni yake, kisha kushangaa kwa nini hakuna anayetokea siku ya kusafisha.

Maji hupotea njiani. Kiasi gani? Kuna njia rahisi ambayo hata darasa la sita linaiweza. Tafuta sehemu iliyonyooka, pima mita 10, weka jani kavu, hesabu sekunde. Tuseme mfongo una upana wa nusu mita, kina cha sentimita 20, na jani limechukua sekunde 25. Kasi ni mita 0.4 kwa sekunde. Zidisha upana kwa kina kwa kasi, kisha kwa 0.8, maana maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu. Unapata lita 32 kwa sekunde. Rudia mwisho wa mfongo. Tofauti ndiyo iliyovuja, au iliyochepushwa usiku.

Hapa wahandisi na wanakijiji hugongana, na wote wana haki. Ukisakafia mfongo wote kwa saruji, maji zaidi yanafika mwisho. Lakini kuvuja kule kulikuwa kunanywesha miti ya kando na kulisha vijichemchemi vya chini, ambako kaya nyingine huchota maji ya kunywa. Kwa maoni yetu, sakafia banio (mahali mfongo unapochukulia maji) na sehemu za mawe na mchanga zinazovuja vibaya, na uache udongo mahali penye miti.

Kuhusu kingo za mito, kila mtu anaijua "mita 60", na wengi wanaielewa nusu. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia, ndani ya mita 60, shughuli za kudumu au zile zinazoweza kuharibu ukingo. Hakisemi ardhi iachwe pori. Mlimani, ambako makorongo yamekaribiana, mita 60 pande zote mbili zinaweza kuwa kihamba kizima cha mtu. Nyumba, banda la nguruwe, jembe na mikaratusi, hapana. Majani ya kukatwa, mianzi na miti ya asili ambayo hailimiwi chini yake hushika ukingo na bado humpa mwenye shamba kitu cha kuvuna. Ukilieleza hivyo, watu hawakimbii mkutano.

Makubaliano hayo yasiishie kwenye muhtasari wa mkutano. Sheria ndogo ya kijiji hupitia halmashauri ya kijiji, mkutano mkuu wa kijiji, kisha hupelekwa kwenye halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Ikikosa hatua hiyo ya mwisho, mtu wa kwanza atakayetozwa faini na kwenda mahakama ya mwanzo atashinda, na kuanzia siku hiyo hakuna atakayeiheshimu. Mkutano wenyewe uitishwe lini? Wenye vihamba wengi wanaishi Dar es Salaam na Arusha. Wanaobaki nyumbani ni mama na babu, ambao hawawezi kuamua kukata mti wala kutoa ukingo. Wiki ya Krismasi, wakati ukoo mzima umerudi, uamuzi wa saa mbili unafanya kazi ya semina tatu za Machi. Tangazo lake lipelekwe kanisani na msikitini wiki mbili kabla.

Kitalu cha shule

Klabu za uhifadhi za Malihai zipo tangu 1980, makao yake yakiwa Arusha, na Roots & Shoots ya Jane Goodall ilianzia Dar es Salaam mwaka 1991. Shule hazikosi klabu. Zinachokosa ni kazi yenye kipimo. Bango la "Tunza Mazingira" halimwambii mtoto majani ya ng'ombe atayakata wapi mwezi wa tisa.

Kitalu ni darasa zuri kikifanywa kwa hesabu. Viriba (vifuko vya nailoni vya miche) 1,000 vya upana wa sentimita 10 vikiwa bapa kabla ya kujazwa, na urefu wa 15, hula takriban ndoo 25 za lita 20: ndoo 15 za udongo wa juu, 5 za samadi iliyooza vizuri, 5 za mchanga. Udongo huo msiutoe ndani ya hifadhi; kuharibu sakafu ya msitu ili kupanda msitu ni kichekesho, na ni kosa pia. Mbegu za mkondekonde hazisubiri: zikaushwe kivulini na kupandwa ndani ya wiki chache, la sivyo hazioti. Za mringaringa huota polepole na kwa kupishana, zinaweza kuchukua miezi miwili, kwa hiyo mwalimu asimwage kitalu wiki ya tano. Mseri ni mgumu zaidi, maana mbegu zake nyingi huliwa na wadudu, na msituni hujirudishia zaidi kwa machipukizi ya mizizi. Upimaji wa angani wa 2001 ulikuta maelfu ya miti ya asili imekatwa Kilimanjaro, mseri ukiwa miongoni mwa iliyoandamwa zaidi, na pengo lake haliwezi kuzibwa na kitalu cha shule.

Kinachoua vitalu vingi ni kalenda. Ili miche iwe na sentimita 30 hadi 40 wakati wa masika, mbegu zipandwe kitaluni Septemba au Oktoba. Desemba shule zinafungwa, miche ikiwa bado midogo, na vuli inakwisha. Anayebaki kumwagilia hana jina kwenye mpango. Aandikwe: jirani wa shule, mwenye malipo au haki ya miche kadhaa, ndoo mbili hadi tatu kwa siku kwa kila miche 1,000. Februari mizizi inayotokeza chini ya kiriba ikatwe, na kuanzia Machi maji na kivuli vipunguzwe ili mche uzoee shida. Siku ya kupanda, kiriba kivuliwe. Inachekesha kuandika, lakini miche hupandwa na nailoni yake kila mwaka, mbele ya wageni rasmi, na mizizi huzunguka humo mpaka mti unakufa mwaka wa pili.

Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ekari moja hubeba miti 450. Takwimu hiyo ya upandaji ndiyo inayotangazwa, na haina maana yoyote. Inayohitajika ni hesabu ya Oktoba, baada ya kiangazi cha kwanza: wanafunzi wapite mstari kwa mstari, waandike ulio hai, uliokufa, na sababu (mbuzi, kiu, kiriba, uliong'olewa). Mkikuta 180 iliyo hai, mmebaki na asilimia 40, na safu ya sababu itawaambia kama mwakani mnahitaji miche zaidi au uzio. Orodha hiyo ibandikwe ofisi ya kijiji na isomwe kwenye mkutano mkuu wa robo mwaka unaofuata, pamoja na mapato na matumizi, na asomaye awe mwanafunzi aliyehesabu.